UZI: Nani Hupewa Muda? Historia ya mashamba ya mnada, kutoka Saboti hadi Bungoma

1. Wadau, leo tuguse jambo ambalo kila msimu wa kampeni linarudi kama mvua ya Machi. Mheshimiwa anapanda jukwaani Kitale na kusema, "Mkinichagua, hakuna shamba la mkulima litapigwa mnada tena." Makofi. Jioni hiyo hiyo, kwenye simu, unakutana na tangazo: "Vijana acheni kulalamika, nunueni mashamba ya mnada, bei ni ya kutupa." Halafu watu wanabishana hadi usiku wa manane kana kwamba hizo ni hoja mbili tofauti. Sio. Zote zinaongea juu ya shamba moja: mmoja anaongea na anayelipoteza, mwingine anaongea na anayelinunua.

2. Sitataja chama wala mtu. Ninachotaka tufuate ni swali moja tu, kuanzia enzi za mkoloni mpaka leo: mkopo ukishindwa kulipika, nani hupewa muda na nani hupigiwa nyundo? Ukilifuata hilo swali, utaelewa kwa nini bei ya mnada ni rahisi, na kwa nini urahisi huo una mwenyewe anayeulipia.

3. Kwanza tuelewane kwa maneno. Unapokopa benki na kuacha hatimiliki yako pale, shamba limewekwa rehani. Ukishindwa kulipa, watu husema "benki imechukua shamba". Kisheria sivyo ilivyo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipa benki njia kadhaa: kukushtaki kwa deni, kuweka msimamizi wa mapato ya shamba, kulikodisha, kuingia na kulimiliki kwa muda, au kuliuza. Shamba haligeuki kuwa mali ya benki eti kwa sababu umechelewa. Likiuzwa, benki inachukua deni lake na gharama, na kinachobaki ni chako wewe mwenye shamba. Hili la mwisho wengi hawalijui, na wengine hawaambiwi.

4. Kwa nini Saboti? Kwa sababu hapa historia yote ya jambo hili iko mahali pamoja. Eneo bunge la Saboti lina wadi 5. Matisi na Tuwani ziko upande wa mji wa Kitale, ploti na nyumba za kupangisha. Saboti, Kinyoro na Machewa zinaelekea Mlima Elgon, mahindi na ng'ombe. Ukivuka kidogo uko kaunti ya Bungoma. Mpaka huo unaouvuka leo kwa bodaboda ulikuwa, enzi za mkoloni, mpaka kati ya mwenye kukopesheka na asiyekopesheka.

5. Trans Nzoia ilikuwa ndani ya ile ardhi iliyotengewa wazungu. Wasabaot waliokuwa wakichunga hapa walisukumwa kuelekea mlimani. Sheria ya ardhi ya 1915 ilimruhusu mlowezi kupewa shamba kwa ukodishaji wa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaletwa pia wanajeshi wastaafu. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakapata njia ya kwenda bandarini. Upande wa pili, Bungoma, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Kavirondo Kaskazini, ilikuwa "rizavu". Watu walikuwa na ardhi lakini hawakuwa na karatasi ya ardhi. Wabukusu wengi wakavuka kwenda kufanya kazi kwa mlowezi kama maskwota.

6. Sasa ona kilichotokea bei za mazao zilipoanguka, miaka ya 1929 na 1930. Walowezi walikuwa wamekopa, na mahindi hayakulipa. Kwa hesabu ya kawaida ya soko, mashamba mengi yangenadiwa. Serikali ya mkoloni ikafanya nini? Ikatunga sheria ya kuwakopesha wakulima mwaka 1930, na mwaka 1931 ikaanza Benki ya Ardhi na Kilimo. Kwa Kiswahili cha siku hizi, iliwanunulia walowezi muda.

7. Mbukusu au Msabaot naye? Hakunadiwa, kwa sababu hakukopeshwa. Bila hatimiliki hakuna rehani, bila rehani hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna dalali. Wengine husema rizavu "ililindwa" dhidi ya kupoteza ardhi kwa deni. Ni kweli kwa upande mmoja. Lakini huwezi kumfungia mtu nje ya soko halafu umwambie shukuru, mvua haijakunyeshea.

8. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, Uingereza ikataka chakula. Mwaka 1942 ukaanzishwa mpango wa kumhakikishia mkulima mkubwa wa mahindi na ngano mapato ya chini kabisa. Alikuwa akipewa pesa ya kulimia kabla ya msimu, na mvua ikikataa, serikali inabeba sehemu ya hasara. Uweke akilini mpango huu, tutarudi kwake. Maana yake ni kwamba hatari ya kulima Trans Nzoia ilikuwa begani mwa serikali, sio begani mwa shamba la mtu.

9. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, ukatoka Mpango wa Swynnerton. Huu ndio uliosema Mwafrika naye apimiwe shamba, asajiliwe na apewe hatimiliki. Sababu moja iliyotajwa wazi ni mkopo: akiwa na hatimiliki ataweza kuiweka dhamana. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa, na upimaji ukaendelea hadi Bungoma. Watu wakafurahia karatasi, na walikuwa na haki ya kufurahia. Lakini hatimiliki ni mlango, na mlango una pande mbili: mkopo unapoingilia, shamba linaweza kutokea hapo hapo.

10. Na hata baada ya hapo sheria zilikuwa mbili. Mashamba mengi yaliyokuwa ya wazungu yalibaki chini ya usajili wa zamani, na rehani zake zikifuata Sheria ya Kuhamisha Mali ya India ya 1882, ambayo Waingereza walituletea. Ndio, sheria ya India ya karne ya 19 ilitumika Kenya mpaka 2012. Mashamba ya rizavu yaliyopimwa yalifuata ile ya 1963. Majirani wawili, mmoja huku mwingine kule ng'ambo ya mpaka, wangeweza kunadiwa kwa vitabu viwili tofauti.

11. Uhuru ukafika, na hapa ndipo penye uchungu. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza 1962, ulilenga kuweka karibu familia 35,000 kwenye mashamba ya walowezi. Ndalu, Tongaren na Naitiri, upande wa Bungoma ya leo, zilitokana na mpango huo. Lakini ardhi haikugawiwa bure. Pesa zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na wafadhili wengine, mlowezi akalipwa, na mkulima mpya akaandikiwa deni la shamba la miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5, chini ya Wadhamini wa Hazina ya Makazi.

12. Fikiria hali hiyo. Mtu anaamini babu yake alinyang'anywa ardhi, halafu anaanza uhuru akidaiwa bei ya ardhi hiyo hiyo. Wapo waliolipa kwa bidii. Wapo waliosema waziwazi hawalipi. Wengi walichelewa tu, kwa sababu mwaka wa kwanza unajenga, unalima, unasomesha, na deni halingoji. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi yenyewe ilikuwa uhuru.

13. Serikali ingeweza kuwafukuza. Mara nyingi haikufanya hivyo, kwa sababu kufukuza maelfu ya familia zilizotoka kupewa ardhi ya uhuru kungewasha moto wa kisiasa. Hivyo watu wa mipango ya makazi walipata muda, ila kwa gharama yake: hatimiliki haitolewi mpaka deni liishe. Ndio maana hadi leo kuna familia zinalima ploti kwa miaka mingi bila karatasi. Kupiga mnada ni vigumu, lakini kukopa pia ni vigumu.

14. Trans Nzoia yenyewe, mashamba mengi makubwa hayakukatwa vipande haraka. Mengine yalichukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Mengine yalinunuliwa na watu binafsi wenye uwezo. Na mengine yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika vya wananchi wa kawaida: watu wanachanga hisa, viongozi wanakopa kinachobaki, na hatimiliki moja kubwa inashikilia deni la wote.

15. Hapo ndipo mnada ulipata sura mbaya kabisa. Mama amelipa hisa zake zote, ana ekari zake 3, ana nyumba, ana makaburi ya wazee. Lakini kisheria shamba ni moja na deni ni moja. Wakurugenzi wasipopeleka pesa, shamba lote liko hatarini, hata la yule ambaye hajawahi kudaiwa senti. Hili ndilo somo la kwanza kwa mnunuzi wa leo: jina moja kwenye hatimiliki halimaanishi familia moja shambani.

16. Mkopeshaji mkuu wa kilimo alikuwa AFC, shirika lililoanza 1963 na kuichukua ile Benki ya Ardhi mwaka 1969. Sheria yake inaliruhusu kuuza shamba la mdaiwa bila kwenda mahakamani kwanza. Ule mpango wa 1942 wa kuhakikisha mapato uliendelea kupitia AFC baada ya uhuru, sasa ukiwafikia Waafrika wenye mashamba makubwa. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 ukafungwa. Hatari ikahama: mvua ikikataa, au bodi ya mahindi ikichelewa kulipa, deni linakaa kwenye shamba.

17. Na bodi ilikuwa ikichelewa. Muulize mzee yeyote wa Kitale aliyepeleka magunia miaka ya 1980. Serikali inakudai kupitia mkono mmoja, AFC. Serikali hiyo hiyo inakaa na pesa yako kupitia mkono mwingine, Bodi ya Nafaka. Riba yako inahesabiwa, yake haihesabiwi. Tukisema "dawa ya deni ni kulipa", tuseme kwa pande zote mbili.

18. Miaka ya 1990 ikawa ya dhoruba. Mapigano ya 1991 na 1992 yaligusa Trans Nzoia na Bungoma, watu wakakimbia mashamba. Soko la mahindi likafunguliwa. Serikali ikakopa kwa riba kubwa ajabu, na benki zikafuata: mwaka 1994 wastani wa riba ya mikopo nchini ulipita asilimia 30. Kwa riba ya namna hiyo, deni linaongezeka maradufu kabla hata mtoto aliyeanza darasa la kwanza hajafika la nne. Mkulima aliyekimbia vita akirudi, anakuta shamba lina magugu na deni lina afya.

19. Hapo ndipo siasa ya madeni ilipozaliwa upya, na sheria zikaanza kusogea polepole. Kuanzia 2007, sheria ya benki inasema riba inayodaiwa baada ya mkopo kuacha kulipika haiwezi kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Kwa mfano, ulikuwa umebakisha shilingi 400,000 ulipokwama: benki haiwezi kukudai zaidi ya 400,000 nyingine za riba, mbali na gharama. Kabla ya hapo, kulikuwa na watu waliokopa laki na kudaiwa mamilioni.

20. Kisha baada ya Katiba ya 2010 ikaja Sheria ya Ardhi ya 2012. Hesabu hatua zake. Lazima uwe umechelewa mwezi 1. Kisha benki inakupa notisi ya miezi 3. Usipolipa, notisi ya kuuza ya siku 40. Dalali naye, chini ya kanuni za madalali za 1997, anakupa siku 45 za kukomboa shamba. Kisha tangazo gazetini, na mnada hauwi kabla ya siku 14. Ukijumlisha ni zaidi ya miezi 7. Kwa hiyo mtu akikuambia ameamka asubuhi akakuta shamba limeuzwa bila kujua lolote, mambo ni mawili: ama hatua zimerukwa, na hapo ana kesi, ama barua zilikuja zikawekwa chini ya godoro.

21. Kuna ulinzi mwingine mbili tatu. Notisi ya kuuza lazima ifike pia kwa mke au mume, mdhamini, mpangaji na wengine wenye haki juu ya mali hiyo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenzi kukubali. Na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri: lazima thamani ikadiriwe kwanza. Bei ya mnada ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani benki imekosea, na ni benki inayotakiwa kujitetea.

22. Sasa rudi kwenye lile tangazo la "bei ya kutupa". Tuseme shamba la Kinyoro lina thamani ya soko ya shilingi milioni 4. Ukiambiwa linauzwa milioni 1.5, hiyo sio bahati, hiyo ni kesi inayokusubiri. Mstari ni milioni 3. Chini ya hapo mwenye shamba ana mlango wa mahakama. Watu wanaokufundisha "kuwekeza kwenye minada" mara nyingi wanakuonyesha bei bila kukuonyesha mstari huo.

23. Kwa haki, tuseme pia upande wa pili. Sheria inamlinda mnunuzi wa mnada sana. Nyundo ikishagonga, haki ya mwenye shamba ya kulipa na kulikomboa imekwisha. Mnunuzi hatakiwi kuchunguza kama kila notisi ilitumwa, mradi hakujua kuna hila wala hakushiriki. Aliyeonewa anabaki na madai ya fidia dhidi ya benki, na shamba linabaki kwa mnunuzi. Bila ulinzi huo hakuna ambaye angekuja mnadani, na bei zingekuwa chini zaidi.

24. Lakini ulinzi huo unaponya makosa ya uuzaji. Hauponyi ugonjwa wa mizizi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria iligusa hata mashamba ya ADC. Katiba, kifungu cha 40, inasema haki ya kumiliki haifuniki mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya ploti ya ufuoni Mombasa, ilisema kuonyesha hatimiliki hakutoshi: kama ugawaji wa kwanza ulikuwa haramu, hata aliyenunua baadaye kwa pesa zake hana kinga. Kwa kaunti yenye ADC na mashamba makubwa ya zamani kama yetu, hilo sio jambo la Mombasa pekee.

25. Halafu kuna mambo ambayo sheria haiyaandiki. Kwa masharti ya kawaida ya mnada unalipa asilimia 25 nyundo inapogonga na kinachobaki ndani ya siku 90, usipoweza amana inapotea. Ukimaliza, ushuru wa stempu wa asilimia 2 kwa shamba la mashambani, 4 kwa mjini. Sasa umefika shambani na karatasi yako. Mwenyewe bado yuko. Tangu 2016 sheria inataka anayekaa bila haki apewe notisi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa. Kuna mahindi ya kiuno. Kuna kaburi la baba yake nyuma ya boma. Jirani uliyetegemea akuonyeshe mpaka hakusalimii.

26. Na ndio maana bei ni rahisi. Hakuna muujiza. Majirani wanaojua shamba vizuri zaidi hawapandishi bei, wengine kwa huruma, wengine kwa woga, wengine kwa sababu wanajua lina ugomvi wa ndugu. Anayebaki ni mtu wa mbali mwenye pesa taslimu. Punguzo unalopata ni malipo ya kubeba ugomvi ambao mwingine hakuutaka. Ukiwa tayari kuubeba kwa halali, sawa, ni biashara. Ila usiuite pesa ya bure.

27. Sasa tumgeukie mheshimiwa wa "hakuna mnada tena". Anaweza kweli? Kaunti haina mamlaka juu ya benki. Rais hawezi kufuta mkataba wako na benki ya kibinafsi kwa tamko jukwaani. Mahakama inaweza kusimamisha mnada, lakini kwa sababu kama notisi mbovu au thamani isiyokadiriwa, na kwa kawaida kubishania tu kiasi cha deni hakutoshi. Serikali ya kitaifa ina nafasi zaidi kwa AFC, kwa kuwa ni shirika lake: inaweza kupanga upya mikopo au kuweka pesa za kuifuta. Hizo pesa ni kodi, kwa hiyo muulize zitatoka bajeti gani.

28. Na tuseme Bunge lipige marufuku minada kabisa. Kesho yake benki inaacha kupokea shamba kama dhamana. Tulionja kidogo ya hayo 2016 hadi 2019, riba ilipowekewa kikomo kwa sheria: mikopo ilikuwa rahisi kwenye karatasi, lakini mkopaji mdogo akapata shida kuipata. Mkulima wa Machewa angerudi mahali babu yake wa rizavu alipokuwa: hanadiwi, hakopeshwi. Hilo nalo ni pigo, hata kama halina dalali.

29. Kwa hiyo mimi sioni mjadala kuwa "mnada au hakuna mnada". Historia ya huku kwetu inaonyesha kwamba kila mara mtu mwenye sauti alipata muda. Mlowezi wa 1931 alipata muda kwa Benki ya Ardhi. Mkulima mkubwa alipata kwa ule mpango wa 1942. Watu wa Ekari Milioni walipata kwa sababu walikuwa wengi. Aliyebaki bila muda ni mkulima wa kati: ana hatimiliki, kwa hiyo anakopesheka, lakini hana wa kumpigia simu. Sheria ya 2012 ilijaribu kumpa kila mtu muda sawa, ile miezi 7. Tatizo ni kwamba wengi hawajui wanao, na wanautumia kuomba mheshimiwa aingilie badala ya kwenda benki kupanga upya deni, au kuuza ekari 1 wenyewe kwa bei ya soko ili waokoe 4.

30. Mkutano ujao, mgombea yeyote akigusa minada, muulizeni hivi. Moja: unaongelea AFC, benki za kibinafsi, au zote? Mbili: mkulima akipeleka mahindi serikalini na asilipwe kwa wakati, riba ya AFC itasimama? Tatu: wanahisa wa makampuni ya ardhi ambao bado hawana hatimiliki zao, utafanya nini kabla deni la wachache halijawala wote? Nne: utaleta bima gani ya mazao, ili mvua ikikataa hatari isirudi yote kwenye shamba? Akijibu hizo nne, msikilize. Akirudia "hakuna mnada tena", mpigie makofi kidogo, uende nyumbani.

31. Na wewe unayetaka kununua, kabla ya kuinua mkono: fanya upekuzi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi, ufuate historia yake hadi ugawaji wa kwanza. Uliza ripoti ya thamani ni ya lini, kanuni zinataka iwe ndani ya miezi 12. Uliza kama kuna kesi. Kisha nenda shambani mchana, uone nani anakaa pale, useme naye kwa adabu. Huenda ukagundua anaweza kukuuzia mwenyewe mbele ya benki, kwa bei inayolipa deni na kumwachia kitu mkononi. Hilo linaruhusiwa kabla ya nyundo, na usiku utalala.

32. Kama kwenu kuna barua ya benki iko chini ya godoro, itoeni leo, mhesabu siku zilizobaki. Wenye maswali au wanaojua historia ya shamba fulani la ushirika Trans Nzoia au Bungoma, tupieni hapo chini, bila majina ya watu. Uzi ujao: kwa nini ploti za mipango ya makazi zinakaa miaka mingi bila hatimiliki.